Namna ya Kuokoa Maktaba ya Programu Iliyokimbiwa

Kwanza, mwache mwenyewe apumzike. Aliyeiandika maktaba hiyo hana deni lako: aliitoa bure, kisha maisha yakamwita kwingine. Usimwandikie tena "Bado upo?" Soma leseni inakuruhusu nini, chukua nakala ya msimbo, uingie kazini.

Pili, tafuta kilichoiua. Mara nyingi maktaba yenyewe haikuguswa, lugha ndiyo iliyosogea. Chukua nose, chombo cha kuendeshea majaribio kilichopendwa sana na watu wa Python. Toleo lake la mwisho, 1.3.7, lilitoka mwaka 2015. Msimbo wake ulikuwa wa Python 2, na ili utumike kwenye Python 3 ulipitishwa kwenye 2to3, programu ya kugeuza msimbo wa zamani. Kila ilipokuta callable, 2to3 iliweka collections.Callable. Jina hilo lilikuwa limeshahamia collections.abc tangu Python 3.3, lile la zamani liliachwa kwa hisani tu. Oktoba 2021 Python 3.10 ikaliondoa, nose ikaanguka. Kinachouma ni kwamba callable, iliyofutwa katika Python 3.0, ilikuwa imesharudishwa katika 3.2. Mistari ile ingeachwa ilivyokuwa, isingevunjika.

Kwa hiyo sikiliza hodi. Python hubisha kwa miaka kabla ya kuingia, ila maonyo yake mengi hufichwa usiyaone. Endesha majaribio yako kwa -W error::DeprecationWarning, kila onyo ligeuke kosa, nawe ulitibu leo kabla toleo jipya halijafika. Kama maktaba haina majaribio, yaandike kabla ya kugusa chochote. Ndiyo, yanachosha. Yaandike.

Tatu, zuia mkono wako. Utaona majina mabaya, nafasi zilizokaa ovyo, maelezo ya mwaka 2009, na utatamani kusafisha nyumba nzima. Rekebisha mstari uliovunjika, toka. Wapo watu usiowajua ambao programu zao zinategemea hata huo ubaya, na rekebisho dogo wataweza kulisoma na kuliamini. Kuaga Python 2, ambayo utunzaji wake ulikoma Januari 1, 2020, ni halali kabisa, lakini kufanye katika toleo lake lenyewe.

Kuna siku mstari mmoja hautatosha. Python 3.12, iliyotoka Oktoba 2023, iliondoa moduli ya imp, na nose iliitegemea hiyo kupata na kupakia faili za majaribio. Importlib ndiyo iliyobaki, nayo inafanya kazi kwa mpango mwingine. Huwezi kubadili jina ukaondoka. Hapo tenga muda wa kutosha, usome nyaraka zake mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kubahatisha kutakurudisha palepale toleo lijalo.

Mwisho, funguo. Ukichoka, usimkabidhi haki za kuchapisha mtu wa kwanza anayejitolea. Mwaka 2018 event-stream, maktaba ya JavaScript, ilikabidhiwa mgeni aliyejitolea kuitunza, naye akapenyeza msimbo wa kuiba bitcoin kwenye pochi ya Copay. Mwombe kwanza marekebisho madogo, uyasome mstari kwa mstari, kwa miezi. Na kama mgeni huyo ni wewe, kubali kukaguliwa bila kununa.