Nilivyogeuzwa Stendi ya Ramani

Mabega bado yananiuma, maana jana alasiri nilikuwa ukuta. Bosi wa ofisi yetu ya usanifu majengo alikuwa amemwalika mteja, mzee anayemwita Jaduong', kwenye hoteli moja ya ufukweni, upande wa Dunga, Kisumu, amlishe mbuta na ugali huku akimwonyesha kwa projekta jumba la kupangisha litakalojengwa Mamboleo. Slaidi ya pili tu, stima ikapotea. Bosi hakubabaika. Aliichomoa ramani kwenye neli yake, akaangaza macho kutafuta pa kuitundika. Hoteli ile haina kuta, na nadhani ni kwa kukosa kuta ndiyo maana inatoza bei zile. Macho yake yakatua kwangu.

“Simama pale. Inua. Inua zaidi, Jaduong' aone paa.”

Nikainua.

Ramani yenyewe ilikuwa saizi ya A0, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu karatasi hii ni kitu cha ajabu. Upana wake ni milimita 841, urefu 1,189. Utadhani namba hizo ziliokotwa njiani, lakini zizidishe: unapata mita moja ya mraba, ikipelea kidogo mno. Ikunje katikati, unapata A1. Kunja tena, A2, hivyo hivyo mpaka A4 ya barua za kuomba kazi, na kila mkunjo unazaa karatasi yenye umbo lile lile la mama yake. Mistatili mingi haina adabu hiyo. Ukiikunja hubadilika, mrefu akawa mnene. Huu haubadiliki kwa sababu urefu wake ukiugawanya kwa upana unapata kipeuo cha pili cha 2. Wajerumani waliufanya kiwango rasmi mwaka 1922, na Mjerumani mwenzao, Georg Lichtenberg, alikuwa ameshausifu katika barua ya mwaka 1786. Ni kwa sababu hiyo ramani ya A1 ukiipunguza hadi A3, kila kipimo kinakuwa nusu kamili na fundi hapotei. Na ni kwa sababu hiyo pia, karatasi ikiwa ya gramu 80 kwa mita ya mraba, A0 nzima ina uzito wa gramu 80. Ni uzito wa kuchekesha. Zishike juu ya kichwa mpaka mtu amalize kuchambua kichwa cha mbuta, kisha uje tucheke pamoja.

Shida ni kwamba mita moja ya mraba ni tanga, na ilikuwa saa tisa. Kisumu, saa tisa ndiyo saa ya upepo. Jua la asubuhi huipasha nchi kavu moto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya mji hupanda, na hewa ya ziwani, iliyo baridi kidogo, huja kujaza nafasi. Kadiri jua linavyowaka ndivyo upepo unavyokaza, ukitoka ghuba ya Winam kuelekea mjini na vilimani, ambako mawingu hukusanyika yakatupa ile mvua ya radi ya jioni. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa kwanza, na upepo hurudi ziwani kuwakuta wavuvi wa omena na taa zao. Ziwa linavuta pumzi na kuitoa, kila siku, bila ankara ya stima. Mimi huupenda upepo huo kiasi kwamba jumba lile zima nililichora kwa ajili yake: vyumba vyembamba, madirisha yakikabili kusini magharibi, ngazi katikati ikiwa wazi juu ili hewa moto ipande itoke, mpangaji asinunue feni.

Sasa sikia. Bosi, akiwa upande wa mbele wa karatasi, alikuwa akimweleza mteja maneno hayo hayo. “Jaduong', msanifu lazima auelewe upepo wa Kisumu.” Upepo wa Kisumu, uliposikia umetajwa, ukaja. Karatasi ikanipiga usoni, ikajifunga kichwani, ikanivuta hatua mbili kuelekea meza ya watu waliokuwa wakisherehekea mahafali. Weita alinishika kiuno. Kutoka ndani ya ramani nikasikia mteja akiuliza, kwa upole kabisa, “Na huyu ni nani?”

“Huyu? Ni kijana wetu wa kuprinti.”

Jua lilikuwa likipenya karatasi, kwa hiyo kwa nyuma niliona jengo langu lote likiwa kinyume. Niliona pia kile kisanduku cha pembeni chenye nafasi tatu: aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha. Zote tatu zilikuwa na herufi za jina la Bosi. Ni mtu hodari. Alichora usiku, akajikagua asubuhi, akajiridhia mchana.

Mengine ni madogo. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano ulimeza buti langu la kushoto kwenye saiti, ukalihifadhi. Keki ya kuzaliwa ya Bosi ilikatwa kwenye mishahara yetu. Ofisini tuliwahi kutoa shilingi za jenereta; jenereta iko kwake Milimani.

Ila kuna jambo silichekei. Tukikesha kumaliza ramani za kupeleka kaunti, tunaambiwa sisi ni familia. Kanuni za mishahara za Kenya zinasema wiki ya kawaida ya kazi ni saa 52, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, siku ya mapumziko mara mbili. Familia hailipani saa za ziada. Wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya kazi hupewa uzoefu, nauli wanajitafutia. Wala huwezi kugombana, kwa sababu Sura ya 525 ya sheria za Kenya inakukataza kujiita msanifu majengo kabla hujasajiliwa, na ili usajiliwe lazima kwanza ufanye kazi chini ya aliyesajiliwa, naye athibitishe kwamba uliifanya, ndipo uukabili mtihani wa bodi ya usajili. Sheria ni nzuri. Majengo yanaua watu yakichorwa na kila mtu. Lakini yule anayepaswa kushuhudia kwamba nilichora ndiye aliyejaza herufi zake mahali pangu.

Kwa hiyo wewe unayejenga, ukiletewa ramani, kabla hujahesabu vyumba angalia kile kisanduku. Ukikuta mtu mmoja amejaza nafasi zote tatu, uliza ni nani aliyechora, na uulize mbele ya bosi.