Sindano ya Mzee Kobe

Paliondokea nchi ya mbali, kaskazini mwa kisiwa chenye baridi, ambako mvua huingia bila kubisha hodi na jua huonekana kwa miadi. Wanyama wa nchi hiyo fahari yao kuu ilikuwa mchezo wa kupiga gozi kwa miguu. Wachezaji wao walivaa vizibao vyekundu, na sifa zao zilivuka bahari hata zikatufikia sisi huku, ambako mpaka leo vijana hulipa kiingilio kila Jumamosi jioni, wakabanana vibandani kwenye mabenchi yasiyo na egemeo, na wengine wakarudi nyumbani usiku hawasemi na mtu.

Mali yote ya nchi ile ilikuwa ng'ombe mmoja mwenye maziwa yasiyokauka. Karibu miaka 20 kabla ya mambo ninayoyasimulia, ukoo wa Kupe ulitoka ng'ambo ya bahari ukasema unamtaka. Wazee wakauliza, fedha mnazo? Kupe wakajibu, tumekopa. Na mkopo ataulipa nani? Kupe wakageuza macho wakamtazama ng'ombe. Basi ikawa hivyo: mnyama akanunuliwa kwa deni na deni lenyewe akafungwa yeye shingoni, akawa anakamuliwa asubuhi ili alipwe aliyewakopesha wanunuzi, na jioni ili wanunuzi nao wasilale na njaa. Siku ya tatu ndipo alipokumbukwa majani.

Nyuma ya uwanja, mahali wasipofika watazamaji, palikuwa na watumishi. Chiriku alikaa langoni, naye alimjua kwa jina kila aliyeingia, hata wajukuu wa waliostaafu. Mama Kanga alipika. Komba alilinda usiku. Na Mzee Kobe alitunza vizibao. Jogoo alipowika, Kobe alikuwa amekwisha kuvitundika vyote 11 vigingini, migongo ikielekea mlangoni. Alijua kwamba Duma hapendi shingo imbane, kwamba Swala huanza kuvaa mkono wa kushoto na akikosea huvua na kuanza upya, na kwamba Mbega akicheza vibaya hukichana kizibao makusudi ili apate kisingizio cha kutoka. Kizibao kilichochanika alikishona usiku uleule kwa uzi mwekundu na sindano ya mfupa aliyoachiwa na mtunzaji aliyemtangulia, kila tundu akilipitisha mara mbili, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo.

Kila msimu ulipokwisha, mkubwa mmoja alipanda juu ya jiwe akatangaza kwamba wote waliomo humo, mwenye kupiga gozi na mwenye kufua, ni familia moja. Watumishi walishangilia. Neno familia lilikuwa halijamgharimu mtu kitu, na kwa hiyo lilitolewa kwa ukarimu mkubwa.

Ndipo akaja Nguchiro. Huyu alizaliwa kijiji cha karibu na uwanja ule, akatajirika kwa kuchemsha mafuta na dawa zitokanazo na mafuta, kisha akahamia ufukwe wa mbali ambako wakusanya kodi hutembea kwa staha. Kupe walimuuzia robo ya ng'ombe na kitu kidogo juu yake, wakamkabidhi na fimbo ya uchungaji. Nchi nzima ikashangilia, kwa kuwa alikuwa mwenyeji, na mwenyeji alidhaniwa ana huruma.

Nguchiro alianza kwa kukagua. Akachungulia vyumba vya watoto wanaojifunza mchezo, akaona vumbi, akaandika barua kali kwamba uchafu ule ni aibu. Kisha akafunua daftari la hesabu, akakuta hasara mwaka baada ya mwaka. Akauliza, jamani, mali hii inakwenda wapi?

Hapo yafaa tutulie kidogo, kwa maana jibu lilikuwa limesimama katikati ya uwanja mchana kweupe. Palikuwa na Pundamilia aliyenunuliwa kwa bei ya mbuga nzima, ambaye kila alipopewa gozi alizunguka papo hapo mara mbili kisha akamrudishia aliyempa. Palikuwa na Mwalimu Tumbusi, mwenye kichwa kisicho na unyoya hata mmoja, aliyeongezewa mkataba mwezi Julai na kufukuzwa mwezi Oktoba, akaondoka na mzigo wa dhahabu kwa sababu mkataba ni mkataba. Palikuwa na Mshauri Mkuu aliyetolewa nchi ya Kunguru, wale wa nyeupe na nyeusi. Alisubiriwa karibu miezi 5 akipalilia bustani kwake mpaka wenyewe wakubali kumwachia, akaja, akakaa miezi 5, akaondolewa, naye akafungiwa mzigo wake. Nchini humo aliyeshindwa alilipwa ili aondoke, na kadiri cheo kilivyokuwa kirefu ndivyo mzigo ulivyokuwa mnene.

Nguchiro aliyatazama hayo yote, akayapita, akateremka ngazi mpaka jikoni. Huko akaona sufuria ya Mama Kanga inatoa moshi. Akasema, nimempata mwizi.

Amri zikafuatana. Watumishi 250 watoke. Miezi ikapita, wakasikia kwamba wengine, hata kufikia 200, nao wajiandae. Jiko la watumishi lifungwe, na atakayeona njaa apewe tunda. Walio kwenye uwanja wa mazoezi wapate supu na mkate, ila wachezaji waendelee kula kama walivyozoea, kwani mwenye kulipwa dhahabu kila wiki hawezi kuagizwa kununua chakula chake. Hata timu ilipokwenda mji mkuu kucheza fainali, watumishi waliotaka kwenda nayo walidaiwa nauli. Kombe lilichukuliwa siku ile, na nauli haikurudishwa. Na Mzee Tembo, aliyewafundisha miaka 26 akawaletea vikombe 38, alielezwa kwa adabu kwamba posho yake imefikia kikomo. Lakini Tembo ana pembe na ana jina, habari yake ilipigiwa mbiu nchi nzima. Mama Kanga hakupigiwa hata filimbi.

Nimewahi kusikia watu wakimtetea Nguchiro, kwamba chombo kinachozama hakibagui mzigo wa kutupa. Huenda. Ila nimeona pia kwamba nahodha wa namna hiyo huanza kutupa makasia, kwa sababu makasia hayana wakala wa kuja kubishana naye.

Mzee Kobe aliitwa siku ya Jumatatu. Ilisomwa karatasi, na msomaji alikuwa Kasuku, kijana aliyeletwa kwa kazi hiyo, mwenye sauti nzuri. Karatasi ilimshukuru kwa mchango wake, ikamtakia heri katika safari yake mpya, ikamtaka arudishe ufunguo. Jina lake liliandikwa Kombe. Kobe akataka kusema kwamba uzi mwekundu uko kabati la chini, si la juu, na kwamba Swala asivalishwe kwa haraka, lakini Kasuku alikuwa amekwisha kumwita wa pili.

Ikawa mwezi wa nne tangu siku hiyo, Kobe akapata hamu ya kuwaona vijana wake. Akatembea mwendo wake ule, akafika langoni. Chiriku hayupo, yupo Kasuku.

"Shikamoo, mzee. Jina lako halimo."

"Marahaba, mwanangu. Halikuhitaji kuwamo. Mimi ni wa humu."

"Jina lako halimo. Tiketi ni vipande 66, mzee na mtoto bei moja."

Kobe hakuwa na 66. Kasuku, ambaye moyoni hakuwa mbaya, akamwonyesha mlango wa pembeni: kuna nyumba ya makumbusho, kiingilio chake ni nafuu. Kobe akafungua mkoba, akalipa, akaingia. Akapita makombe, akapita sanamu, akapita picha ya wakubwa wakiwa juu ya lile jiwe, mpaka akafika kwenye kisanduku cha kioo chenye taa ndani. Mle mlikuwa na sindano ya mfupa juu ya kitambaa chekundu. Chini yake pameandikwa: *Sindano ya kale. Mshonaji hajulikani.*

Pembeni yake alisimama Sungura na watoto wawili, akiwaeleza kwamba timu hii inaheshimu sana historia yake. Kobe aliwauliza kama wangependa kujua sindano ile ilitumikaje. Sungura akatabasamu kwa upole, kama mtu anavyowatabasamia wazee wanaosemasema ovyo, akawashika watoto mikono akaondoka nao. Mzee alibaki akitazama ncha. Ilikuwa imeanza kupata ukungu. Mfupa usioshikwa na mkono huota ukungu, na wa kuwaambia hayo hakuwamo tena kwenye orodha.

Siku hiyohiyo, upande wa pili wa ukuta, Swala alivalishwa kizibao kwa mkono wa kulia, na Mbega akatoka mapema na kizibao kilichochanika ambacho hakikushonwa mpaka mchezo uliofuata. Timu ilifungwa, nami sisemi kwamba kufungwa kwao kulitokana na hayo. Wachambuzi walitaja viungo, walitaja mabeki, walitaja mfumo wa mwalimu mpya, na kwa yote hayo walikuwa na haki. Ninachojua ni kwamba aliyekuwa akiujua uongo wa Mbega alikuwa nje ya lango, na Mbega alilijua hilo kuliko wachambuzi wote.

Msimu ule timu zilizoshindana zilikuwa 20, nao wenye vizibao vyekundu walimaliza wakiwa wa 15. Kabla msimu mwingine haujaanza, Nguchiro alinunua washambuliaji wapya 3, na bei ya mmoja tu kati yao ingewalipa Kobe, Mama Kanga, Chiriku na wenzao wote mishahara yao kwa miaka kadhaa.