Jinsi ya Kuifundisha Kompyuta Kihangaza

Mkutubi mwenzangu, kabla hujabonyeza kitufe, kifungue kitabu. Soma ukurasa wa jina, upindue, pitia yaliyomo, onja dibaji. Kompyuta inaweza mengi. Kusoma dibaji kwa niaba yako isiachiwe.

Kisha nakili rekodi ya kitabu hicho kutoka maktaba nyingine, wala usione haya. Tangu Henriette Avram na wenzake wa Maktaba ya Bunge la Marekani watengeneze MARC, muundo wa rekodi unaosomwa na kompyuta, miaka ya 1960, rekodi ya mahali pamoja hunakiliwa dunia nzima. Koha, programu ya bure iliyozaliwa New Zealand, imezifikisha rekodi hizo hata kwa maktaba zisizo na fedha. Lakini rekodi iliyoandikwa mbali na mkoa wetu wa Kagera ni mgeni. Mkaribishe, mpe kiti, halafu mhoji.

Mhoji lugha kwanza. Tuseme umeletewa kijitabu cha methali za Kihangaza kutoka kata ya Murukulazo, wilaya ya Ngara. MARC ina misimbo ya lugha: “swa” kwa Kiswahili, “kin” kwa Kinyarwanda, “run” kwa Kirundi. Kihangaza na Kishubi vimerundikwa pamoja na Kikerewe kwenye “bnt”, yaani lugha nyingine za Kibantu. Vuka mpaka uingie Burundi, Kirundi, ndugu yake Kihangaza, kina jina. Baki Ngara, wewe ni “nyingine”. Usikubali! Acha “bnt” katika uga wa 008 kama kanuni inavyotaka, kisha kwenye 041 ongeza “han” kwa Kihangaza, au “suj” kwa Kishubi, na utaje kuwa umetumia ISO 639-3. Ni kazi ya dakika chache, na mtafiti wa lugha hizo atakushukuru hata kama hamtaonana.

Mahali nako kuna shida. Rekodi ngeni huandika “Tanzania” ikatosheka. Ongeza Kagera, Ngara, Murukulazo kwenye uga wa 651, ule wa mada za mahali. Mwanafunzi wa Rulenge anayetafuta habari za kwao haanzi na nchi nzima. Tena Ngara ilijulikana duniani mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika na kambi ya Benaco ikajaa, kwa hiyo mada ya wakimbizi huja yenyewe. Kitabu kikisema pia habari za migomba, mahari au uganga, ziandike hizo nazo. Watu walikuwa wakiishi huku kabla ya mahema.

Majina ya vitabu yana ukaidi wake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kiswahili inaitwa *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Nani ataingia maktaba akataja yote hayo? Ataomba “Myombekere”. Mpe njia hiyo kwenye uga wa 246, na uonyeshe kwenye 041 kwamba lugha asilia si Kiswahili.

Dewey, mfumo wa kupanga vitabu wa 1876, umewapa Waingereza 820 nzima, na sehemu kubwa ya fasihi za lugha za Kiafrika ukaibana kwenye 896. Vita vya kuurekebisha ni virefu, na foleni ya vitabu inakusubiri. Andika 896.392 kwa fasihi ya Kiswahili, usikate desimali eti lebo ni fupi.

Hatimaye ondoka kwenye kiti chako, kaa kwenye kompyuta ya wasomaji, andika “Murukulazo” kwenye kisanduku cha kutafutia. Kijitabu kisipojitokeza, rudi uga wa 651.