Baraza la Pishi na Debe

Katika ukumbi mmoja wa mikutano ulioko pwani, ambao jina lake nalisitiri kwa kuwastahi walioezeka paa lake, walikesha usiku mmoja wa masika wenyeji wanne wasio wanadamu: Pishi, bikizee wa mti aliyewekwa ndani ya sanduku la kioo ili wageni wamtazame kama kumbukumbu ya vipimo vya zamani, Debe, aliyetegwa chini ya paa kuyapokea maji yaliyovuja, Kikokotoo, aliyesahauliwa mezani na karani, na Projekta, ambaye uso wake ulikuwa bado na joto la mkutano wa mchana. Mchana huo mtaalamu mmoja aliwahutubia wakulima kwa muda wa saa mbili juu ya mvua za msimu, na wakulima, kwa adabu iliyo ada yao, wakapiga makofi, wakanywa chai, wakaenda zao bila ya kuuliza hata swali moja.

Debe, ambaye kunyamaza si tabia yake, ndiye aliyefungua mazungumzo.

DEBE: Shikamoo, Bibi Pishi.

PISHI: Marahaba, mwanangu. Naona kazi unayo.

DEBE: Kazi ninayo, bibi, na swali ninalo. Yule bwana alisema tutaraji milimita 50 za mvua juma hili. Nami nimekaa hapa tangu magharibi nikiipokea mvua hiyo hiyo, wala sijaona milimita hata moja ikiingia.

PROJEKTA: Hukuziona kwa sababu hukutazama ukutani. Niliziandika kwa rangi ya samawati, kila tarakimu kimo cha dhiraa, nikazipamba kwa michoro ya vijiti iliyokuwa ikiota yenyewe kutoka chini kwenda juu, hata mwenyekiti akatikisa kichwa kwa furaha.

KIKOKOTOO: Na hesabu ilikuwa sahihi. Nashuhudia.

PISHI: Usahihi haukanushwi, mjukuu wangu. Lakini palikuwa na mzee mmoja aliyekaa benchi la nyuma, ambako ndiko husemwa maneno ya kweli katika kila mkutano, naye alipoelezwa kwamba milimita 50 ni kama pingili mbili za kidole, akakitazama kidole chake, kisha akamnong'oneza mwenziwe: "Maji ya kimo hiki yatanifaa nini?" Hakuwa mjinga yule. Alipewa kimo, na yeye maji huyajua kwa ujazo na kwa uzito wa kichwani.

DEBE: Basi Kikokotoo na ampimie kwa kipimo akijuacho.

KIKOKOTOO: Si kazi kubwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Ekari ni mita za mraba 4,047. Kwa milimita 50, ekari moja hupokea lita 202,350, na tukichukua debe kuwa lita 20, kama ilivyo desturi ya sokoni, hayo ni madebe 10,117 na nusu. Ila tukifuata asili, debe la galoni 4 za Kiingereza ni lita 18.18 tu, hivyo yatupasa…

PISHI: Yatupasa kukoma hapo, baba. Madebe elfu kumi.

DEBE: Elfu kumi ya mimi! Mama achotaye kisimani madebe kumi kila siku, bila ya kuugua wala kwenda arusini, angeimaliza kazi hiyo kwa siku elfu moja, nayo ni miaka mitatu kasoro miezi mitatu. Na mvua huyaleta kwa juma moja, kwenye ekari moja, bila ya ujira!

PISHI: Hapo mzee wa benchi la nyuma angesimama. Angeuliza ni mangapi kati ya hayo yatakayokimbilia bondeni na mangapi yatakayokaushwa na jua, na mkutano ungepata kazi ya kufanya.

KIKOKOTOO: Nusu debe nimwachie nani?

PISHI: Iandike daftarini, ndiko kwao. Mwezi uliopita mtaalamu mwingine alisimama papo hapo akataja matokeo ya Sensa ya 2022: watu 61,741,120. Serikali ina haki ya kuiandika idadi ya usiku ule wa kuamkia tarehe 23 Agosti mpaka mtu wa mwisho. Lakini yeye aliwataja wale 120 wa mkiani kana kwamba ni jamaa zake, kisha akasema Zanzibar wako 1,889,773, na hadhira yote ikasinzia.

KIKOKOTOO: Asilimia 3.06.

PISHI: Angesema: waketisheni Watanzania mia barazani, watatu tu ndio watakaokuwa wa Visiwani. Kila mtu angetazama kulia na kushoto akiwatafuta hao watatu.

PROJEKTA: Bibi, wewe waidharau picha. Mimi nina nasaba! Mwaka 1858 Florence Nightingale alitoa mchoro wa duara uliowabainishia wakubwa wa Uingereza kwamba katika vita vya Crimea askari waliouawa na maradhi walikuwa wengi kupita waliouawa na majeraha.

PISHI: Mwanamke yule namheshimu. Alikuwa na neno moja la kusema, nalo lilikuwa zito, ndipo akalitafutia mchoro. Wewe leo ulipewa michoro mingi hata ukachemka, na neno halikuonekana.

DEBE: Na asilimia je? Yule bwana alitangaza kuwa visima vya kijiji vimeongezeka kwa asilimia 100, makofi yakapigwa. Mimi visima hivyo navijua kwa kuteremshwa ndani yake. Kilikuwa kimoja, sasa ni viwili.

PISHI: Na mwaka kimoja kitakapokauka, hatasema kuwa nusu ya maji imetutoka. Atasema ni kisima kimoja tu. Hila hii ni ya kale, mwanangu; dukani nilikokulia tajiri alinunua mpunga kwa kibaba cha tele, kilichofurika hata kikafanya kilima, akauuza kwa kibaba cha mfuto, kilichokatwa sawasawa na ukingo. Kibaba kilikuwa kile kile, wala hapana kadhi aliyeweza kumshika.

Baada ya maneno hayo wakatoa azimio: kwamba tarakimu yoyote itakayosemwa mbele ya watu itanguliwe na kipimo wakitumiacho kwao, na kwamba kipimo hicho kisibadilishwe baina ya habari njema na habari mbaya. Projekta peke yake alipinga, akidai kwamba azimio lisilokuwa na slaidi si azimio. Kura zikahesabiwa, na Kikokotoo akataka iandikwe kwamba limepita kwa asilimia 75.

"Andika watatu kati ya wanne," akasema Pishi, na ndivyo ilivyoandikwa.