Muulize Shangazi Nyuzi: Wati mia kwenye chumba cha futi kumi

Shangazi Nyuzi hujibu matatizo ya wapiga gitaa, ya wake na waume zao, na ya majirani waliokosa pa kukimbilia. Barua za mapenzi ya kawaida wapelekeeni mashangazi wengine. Wapo wengi na hawana kazi.

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, nimepanga chumba kimoja Sinza. Kuna bendi ilivunjika, wakawa wanauza vyombo, nikachukua ampli ya wati 100 na kabati lake la spika nne kwa bei ya kutupa. Naipenda mno. Nalala nimeiegemea, maana chumba hakina nafasi nyingine. Lakini nikigusa tu nobu ya sauti, kabla haijafika hata moja, jirani anagonga ukuta. Mwenye nyumba amesema mwisho wa mwezi nichague, ampli au chumba. Je, nikibadilisha nichukue ya wati 50 mambo yatatulia?*
*Nampenda Ila Ananiponza, Sinza*

Marahaba mwanangu. Kutoka wati 100 kwenda 50 ni kumwacha mke mkali ukamuoa mdogo wake. Ukizipunguza wati nusu, sauti inashuka desibeli 3 tu, na jirani aliyekwisha kukasirika hataona tofauti yoyote. Ili sikio likubali kwamba sasa kelele zimepungua nusu, wati zinapaswa kushuka mara kumi, yaani kutoka 100 hadi 10. Hata hizo 10 ni nyingi kwako. Spika ya gitaa ya inchi 12 ni kiumbe chenye mdomo: ipe wati moja, simama mita moja mbele yake, na nyingi zitakutolea desibeli kama 98 hadi 100. Watu wawili wakiongea sebuleni wanatoa kama 60. Kwa hiyo spika hiyo, ili iongee kwa sauti ya binadamu mwenye adabu, inataka sehemu moja ya elfu kumi ya wati. Zako zote zilizobaki zinasubiri siku utakayoalikwa Uwanja wa Taifa.

Na usidhani wati 100 zilibuniwa kwa ajili ya vyumba vya Sinza. Katikati ya miaka ya 1960 huko London, akina Pete Townshend wa The Who walikuwa wakipiga kwenye kumbi ambazo vipaza sauti vyake havikufaa hata kwa mnada, mashabiki wanapiga mayowe, ngoma ziko nyuma ya kichwa. Wakamwendea mtengenezaji wao wa ampli, Jim Marshall, wakataka nguvu zaidi, naye akawapa. Lakini mwaka 2012, kampuni hiyohiyo ya Marshall ilipotimiza miaka 50, ilisherehekea kwa kutoa ampli tano za wati moja moja. Wenyewe wamekwisha kushtuka, wewe ndiyo kwanza unalala umeegemea kabati.

Najua utaniambia: Shangazi, mbona nikiipunguza sana inapoteza utamu? Ni kweli inapoteza, na sababu ziko mbili. Ya kwanza, ampli kubwa ikiwa chini kabisa ya nobu huwa haidhibitiki; kidole kikisogea kidogo, ama kimya ama vita. Ya pili imo kwenye masikio yako. Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio la mtu halizisikii vizuri noti nzito za chini. Ndiyo maana gitaa lililonguruma jana ukumbini linasikika jembamba chumbani. Basi usitafute ampli kubwa ukaifinya. Tafuta iliyotengenezwa iwe tamu ikiwa ndogo: spika ya inchi 5 hadi 8, yenye nobu mbili, moja ya kuongeza ukali wa sauti na nyingine ya kuamua sauti hiyo itoke kwa kiasi gani. Zipo pia zenye swichi ya nguvu. Boss Katana 50, kwa mfano, inashuka kutoka wati 50 hadi 25, kisha hadi nusu wati. Hiyo nusu wati ndiyo itakayokurudishia salamu ya mwenye nyumba.

Halafu tazama juu. Kwenye nyumba nyingi za kupanga ukuta unaishia kwenye dari. Kutoka hapo hadi kwenye bati ni chumba kimoja kirefu cha wapangaji wote. Sauti yako inapanda, inapita juu ya ukuta, inashukia kitandani kwa watu. Pengo hilo huwezi kuliziba, basi punguza sauti inayopanda: ampli usiiweke sakafuni kwenye kona, maana kona inaukuza mngurumo. Iweke juu ya stuli, iinamishe nyuma kidogo ikutazame usoni. Wapigaji wengi wanaongeza sauti kwa sababu spika inayapigia magoti wakati masikio yako juu. Hilo kabati waulize makanisa yanayohubiri uwanjani. Watalipokea kwa vigelegele.

*Shangazi mpendwa. Mume wangu amechomeka gitaa la umeme kwenye sabufa. Sauti inatoka imefubaa, kisha ghafla inanguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini. Mtoto akilala tu, ndiyo baba anaanza. Nikisema anajibu, "Basi ninunulie ampli." Nimnunulie au nirudi kwetu?*
*Mama wa Mchanga, Mbagala*

Usirudi kwenu mwanangu, sabufa itabaki na mume peke yao na hali itazidi kuwa mbaya.

Baba wa mtoto hana kosa kubwa, ila hajui anachokitenda. Pikapu za gitaa hutoa umeme kiduchu, nao unataka kuingia kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaomu 1. Tundu la AUX la sabufa lina kiloomu makumi tu. Lilitengenezwa lipokee simu na deki. Gitaa likiingia humo, noti za juu zinanyongwa mlangoni, naye kwa kuwa haisikii sauti anaongeza, na sabufa kwa kuwa kazi yake ni kunguruma inanguruma. Vikombe vyako vinashuhudia.

Ampli anayoihitaji mtu mwenye mtoto mchanga ni ile isiyo na spika kabisa. Kuna vidude vya ukubwa wa kiberiti, mfano wa Vox amPlug, vinavyochomekwa kwenye gitaa lenyewe, vinatumia betri ndogo mbili, na upande wa pili unachomeka hedfoni. Si mchezo wa watoto. Tom Scholz, kiongozi wa bendi ya Boston na mhandisi kwa elimu yake, alitoa Rockman ya namna hiyo mwaka 1982, na wanamuziki wakubwa waliitumia hadi studio. Ila nikuonye mapema: utaendelea kusikia nyuzi zikichakacha, na mtu aliyevaa hedfoni huimba kwa sauti kubwa bila kujua kwamba anaimba. Kwa hilo ampli haisaidii. Mtupie kitambaa.

*Mwanangu Nyuzi. Mimi nimestaafu bendi, nimestaafu na kazi. Nilipiga solo tangu enzi za kuvaa suruali bugaluu. Sasa nataka kupiga barazani jioni, taratibu. Mjukuu wangu anasisitiza ninunue ampli ya vali ya wati moja, amesoma kwamba hizo ndizo zenye sauti ya kweli. Nimeisikia kwa rafiki yake. Inakwaruza. Mimi nataka nyuzi zisikike moja moja.*
*Mzee wa Solo, Morogoro*

Shikamoo baba. Masikio yako ni mazima, anayehitaji ushauri ni mjukuu.

Ampli yoyote ikiombwa nguvu isiyokuwa nayo, inavikata vilele vya mawimbi ya sauti, na huko kukatwa ndiko unakokusikia kama kukwaruza. Wapiga roki wanautafuta mkwaruzo huo kwa tochi. Fender Champ ni kiampli cha wati 5, vali moja ya nguvu, spika ya inchi 8, kilitengenezewa wanafunzi. Lakini Eric Clapton alikitumia kurekodia albamu ya Layla huko Miami mwaka 1970, na tangu hapo vijana wanaamini udogo na vali ndiyo siri yote. Ni siri, lakini ya muziki ule. Wewe umetoka mji wa mpiga solo Mbaraka Mwinshehe. Solo ya dansi inataka kila noti itoke safi na ing'ae hadi mwisho, mkono wa kulia ukikaza isichafuke. Kiampli cha vali cha wati moja kitachafuka kabla hujafika kwenye chemko.

Kwa hiyo wewe ndiye pekee leo ninayekushauri uongeze wati. Chukua ya transista, wati 20 hadi 30, na uipige ikiwa robo tu. Wati hizo hutazitumia kwa kelele, zitakaa akiba ili usafi usikatike unapokazia. Hakikisha ina mwangwi ndani yake, na kama mfuko unaruhusu, ile athari ya korasi inayoufanya uzi mmoja usikike kama unapigwa na wawili. Roland walianza kuuza JC-120 mwaka 1975, na hadi leo ikitajwa sauti safi ndiyo inayotajwa kwanza. Hiyo ni wati 120 na mzigo wa kubeba watu wawili, kwa hiyo usiiguse. Nduguye mdogo, JC-22, ana wati 30 na spika mbili za inchi 6 na nusu. Akipatikana kwa bei ya pensheni, mchukue. Asipopatikana, ampli yoyote ya transista isiyokwaruza mkono wako ukikaza inatosha. Mjukuu nenda naye dukani, abebe.

*Shangazi, kaka yangu aliyeko Houston amenitumia ampli nzuri ya mtumba. Plagi yake ina meno mawili bapa na moja la duara. Nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Nimenunua adapta ya kubadilisha meno. Nichomeke?*
*Vidole Vinawasha, Dodoma*

Toa mkono hapo! Adapta inabadilisha meno, haibadilishi umeme. Wa TANESCO ni volti 230, karibu mara mbili ya unaokitosha kifaa hicho. Tumezoeshwa vibaya na chaja za simu, ambazo nyingi zinakubali kuanzia 100 hadi 240, tukadhani kila kitu ni hivyo. Ukichomeka, kwa bahati nzuri fyuzi itakatika. Kwa bahati mbaya transfoma itaungua, na utaijua kwa harufu kabla hujauona moshi. Nunua transfoma ya kushushia umeme, 230 kwenda 120. Soma nyuma ya ampli inakula wati ngapi, kisha chukua transfoma yenye uwezo angalau mara mbili ya hapo, kwa sababu za dukani husifiwa kuliko zilivyo. Kuhusu 60Hz usihangaike sana. Kwenye 50 yetu itapata joto kidogo zaidi, iache ipumue.

Na kuna tabia moja nataka niikute imekufa huko Dodoma. Mtu ana plagi ya meno mawili, soketi ya matundu matatu haifunguki, anachukua kijiti au kifuniko cha peni, anakibonyeza kwenye tundu la juu, plagi inaingia. Kwa redio utapona. Kwa gitaa mambo ni mengine: vidole viko juu ya nyuzi za chuma, nyuzi zimeungana na ampli, na lile tundu ulilolidanganya ndilo la waya wa athi, unaopaswa kuuchukua umeme uliopotea badala yako. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea mwaka 1972 alipoishika maiki isiyokuwa na athi. Ukisikia nyuzi zinakutekenya, zima kwanza, shangaa baadaye. Na kama ampli hiyo ni ya vali, usiifungue mwenyewe hata ikiwa imechomolewa. Ndani hubaki umeme wa mamia ya volti.

*Shangazi, naweza kupiga besi kwenye kiampli cha gitaa?*
*Mzito, Tanga*

Ukipiga kwa upole, ndiyo. Uzi mnene wa besi unatikisika mara 41 kwa sekunde, wa gitaa mara 82. Kaspika kadogo kakilazimishwa kushuka huko kwa nguvu kanapasuka. Andaa pesa ya spika au andaa upole.

*Shangazi Nyuzi shikamoo. Jumamosi nakwenda Kariakoo kununua ampli yangu ya kwanza. Umeme kwetu unakatika ovyo. Nitajuaje nzuri? Na ile ya rangi ya chungwa ina sauti nzuri zaidi?*
*Binti wa Gitaa, Kibaha*

Marahaba binti yangu. Kwa umeme huo tafuta inayokubali betri. Roland Micro Cube inakula za AA sita, Yamaha THR10 nane, zote zina tundu la hedfoni. Nunua na betri za kuchaji, la sivyo dukani kwa Mpemba watakujua kwa jina.

Nenda asubuhi, kabla wauza CD hawajawasha spika zao, kwa sababu saa sita Kariakoo kila ampli inasikika ndogo. Beba gitaa lako na waya wako. Muuzaji atataka kukuonyesha inavyopasua. Mwambie aishushe hadi mtu aliye kando yako aongee bila kupaza, kisha piga. Ikiwa bado ina ladha hapo, endelea. Usipige chochote kwa muda, sikiliza kama inavuma. Zungusha kila nobu taratibu. Ikikwaruza, kuna vumbi ndani, punguza bei. Tikisa waya kwenye tundu la jeki, sauti isikatike.

Ile ya rangi ya chungwa ina bei nzuri zaidi. Kwa muuzaji.