Sifa za Maji Yaliyoingia Kwenye Kompyuta ya Gari

Mbeere hakuna asiyesifu mvua. Katika nchi kavu kama Gachoka, ambako mvua ikichelewa kidogo tu mahindi hujikunja shambani, hakuna anayehitaji kushawishiwa kwamba maji ni baraka. Lakini yako maji ambayo hayajapata wa kuyasifu: yale machache yanayopenya hadi kwenye kompyuta ya injini na kuliacha gari limekufa kando ya barabara ya Kiritiri, magunia ya muguka yakinyauka ndani na simu za wateja zikilia. Hayo hulaaniwa na dereva, mwenye gari na mwenye mzigo kwa sauti moja. Mimi nakusudia kuyatetea, na hoja yangu ni hii: kwenye barabara zetu, hakuna kingine kilichobaki chenye uwezo wa kumsimamisha mtu mwenye haraka.

Tuanze na tabia yake, maana anayeshtakiwa hajulikani vizuri. Maji haya hayahitaji mto. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kwa kompyuta ya gari hata kifuu ni kingi. Majani makavu yakiziba mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele, mvua moja inatosha kushuka ndani ya dashibodi, na katika Toyota nyingi boksi la kompyuta lenyewe hukaa hukohuko, upande wa abiria. Kijana wa kuosha magari akielekeza mpira wa presha kwenye injini ili ing'ae, naye atakuwa ametimiza kazi ileile, tena kwa malipo. Maji yakishaingia kwenye soketi huweza kusafiri ndani ya ganda la waya, polepole, mpaka yafike mahali ambapo mafuriko hayakufika. Fundi wa waya akija kuichomoa soketi hiyo baada ya majuma kadhaa, hukuta pini zimeota unga wa kijani, nyingine zimelika hadi zinakatika zikiguswa. Pini ya sensa ya joto ikifikia hapo, umeme hupita kwa shida, na kwa kompyuta shida hiyo maana yake ni baridi kali. Basi injini iliyoko Gachoka saa nane mchana huamini kwamba iko kwenye barafu ya kilele cha Kirinyaga. Kompyuta, kwa huruma, huimwagia petroli ya kuipasha moto, na gari huanza kutoa moshi mweusi. Ni nani mwingine awezaye kuileta theluji Mbeere?

Sasa tuje kwenye haki yake. Maji peke yake huharibu kidogo. Kinachoua ni maji yakikutana na umeme. Bodi iliyolowa ambayo haina umeme mara nyingi huokolewa: huoshwa kwa maji safi ya kuongezea betri, hufutwa kwa spiriti, huachwa ikauke taratibu hadi ndani, kisha hurudishwa kazini. Bodi iliyolowa yenye umeme hadithi yake ni tofauti. Shaba huyeyuka upande mmoja na kujijenga upande mwingine, njia mbili ambazo hazikupaswa kukutana zikaungana, na hapo hakuna wa kuzitenganisha. Kwa hiyo anayefungua waya wa hasi wa betri na kungoja hulipwa, na anayepiga stata mara ya pili, ya tatu na ya nne huadhibiwa kwa kadiri alivyopiga. Sijui sheria nyingine ya barabarani iliyopimwa kwa uadilifu kama huu. Faini za kawaida huweza kuzungumzwa, hii haizungumziki. Tena ina huruma iliyofichika. Maji hayashindiliki, na injini ikiyavuta hadi kwenye silinda ikiwa bado inazunguka, mikono ya pistoni hupinda. Kompyuta ikizimika kabla ya hapo hukata petroli, na injini husimama ikiwa bado nzima. Kompyuta imejitoa mhanga, nasi tunaitukana.

Mwenye haraka, hata akishasimamishwa, hutafuta njia ya mkato. Kwa kuwa Mwea si mbali, hatakosekana wa kushauri boksi lifukiwe kwenye gunia la mchele. Mchele hauvuti maji yaliyojificha chini ya vipande vya bodi, wala hauondoi chumvi na tope vinavyoachwa maji yakikauka. Mchele wa pishori kazi yake inajulikana, na inamalizikia kwenye sufuria.

Wazee watapinga: Peugeot 504 haikuwa na makuu haya. Ikilowa, dereva alifungua boneti, akafuta distribyuta kwa kitambaa kikavu, akaendelea na safari. Ni kweli, na hapo ndipo ilipotuharibia malezi. Kwa miaka mingi gari lilitufundisha kwamba maji husamehe kwa kufutwa na kitambaa, tukaingia kwenye drifti ya mto iliyojaa tukiwa na kitambaa kama bima. Wengine watapinga kwa uzito zaidi kwamba adhabu hii humwangukia mnyonge. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo wengi wanayo, hailipii gari la mwenyewe. Boksi la mtumba kutoka Grogan, Nairobi, nalo laweza kufungwa vizuri kisha likakataa kuutambua ufunguo, pesa zikawa zimekwenda mara mbili. Sibishi. Nasema tu kwamba uchungu huo ndio unaolifanya somo likumbukwe.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni kwamba kompyuta huweza kuzimika katikati ya mto, mahali pabaya kuliko pote. Hapa mzaha unaishia. Tarehe 4 Desemba 2021, ng'ambo ya Tana huko Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka daraja la Mto Enziu lililofunikwa na mafuriko, likasombwa, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maji yaendayo kasi ya kina cha sentimita 30 huweza kulibeba gari dogo, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi, pikapu zikiwemo. Hayo hutangazwa kila msimu wa mvua, na kila msimu wa mvua wapo wanaoingia. Kifo hakiwarudishi, kwa sababu kila dereva anaamini ni cha mwenzake. Lakini ukimwambia dereva huyohuyo kwamba maji yakifika kwenye soketi atalipa boksi, fundi na siku kadhaa bila kazi, atashuka, atavua viatu, atatazama mto kwa makini ya mhandisi, kisha atageuza gari. Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanaosimika nguzo za kupimia kina kwenye drifti zetu ni dogo: waache kuandika mita, waandike shilingi.