Ombi la Sentensi Moja Katika Wasifu wa Marehemu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Huduma ya Kitaifa ya Ujasusi (NIS),
Nairobi.

MINTARAFU: MAREHEMU WASIO NA KAZI

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Tunakuandikia kutoka ukanda huu wa Ziwa Victoria, kuanzia Kendu Bay mpaka Isebania. Tuna tatizo dogo la uchapishaji.

Huku kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Tangazo hupita redioni likitaja ukoo mzima hadi shemeji aliye Mombasa, tenti hukodishwa, na vijana wa saiba pale Rongo huchapa programu ya rangi yenye wasifu: alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaajiriwa. Hapo kwenye "akaajiriwa" ndipo wasifu wa mtu wenu aliyeuawa kazini hukwama. Mwalimu anayeuandika humtazama mjane, mjane humtazama shemeji, na mwishowe inaandikwa kwamba marehemu alikuwa mtumishi wa umma katika sehemu mbalimbali. Aliuawa wapi? Sehemu mbalimbali. Na nani? Programu inarukia watoto aliowaacha.

Waombolezaji huitunza siri hiyo kwa dhati, maana wote wanaijua. Mwanamume anayehamia Muhuru Bay bila duka, bila shamba, bila mtumbwi, akawa anauliza bei ya omena kila asubuhi na hanunui, kazi yake hujulikana kabla hajafungua sanduku. Wavuvi wa Migingo wanamjua. Wanaovusha magendo Isebania walimjua mapema zaidi. Asiyeruhusiwa kujua ni mmoja tu, MC wa mazishi, kwa kuwa ndiye mwenye kipaza sauti.

Sheria yenu ya mwaka 2012 tunaiheshimu. Aliye kazini asitajwe. Hata aliyekufa huenda ameacha nyuma watu waliompa habari, na watu hao wana shingo. Hilo hatulifanyii mzaha. Lakini kumlinda mtoa habari hakuhitaji marehemu ageuzwe kuwa mtu aliyekuwa akizurura. Wamarekani, ambao siri zao si haba, walianza kuchonga nyota ukutani kwenye makao ya CIA, Langley, mwaka 1974. Zilikuwa 31. Chini yake wakaweka kitabu: anayeweza kutajwa ana nyota na jina, asiyeweza ana nyota na nafasi tupu, na kitabu chenyewe kinatunzwa ndani ya kioo. Nafasi tupu hata sisi tunazo tele. Kilichotushinda ni kioo.

Pengine utasema mnawakumbuka vizuri tu, huko ndani, kando ya Barabara ya Thika. Hatubishi. Ila kumbukumbu iliyo nyuma ya lango kama lile ni ya wenye pasi. Mama mzee kutoka Ndhiwa akishuka kwenye matatu, atamwambia nini askari wa langoni? Kwamba amekuja kumkumbuka mwanawe ambaye hakuwahi kufanya kazi hapo?

Kwa haki, si ninyi mlioanzisha desturi hii ya kutotaja majina. Pale Kenyatta Avenue wamesimama askari wa shaba tangu 1928, kwa ajili ya Waafrika na Waarabu waliotumikia vita vile ambavyo Septemba 1914 vilivuka mpaka wetu wa kusini vikafika Kisii. Maandishi ya Kiswahili chini ya miguu yao yanaahidi kwamba wana wa anayeifia nchi yake watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu zote tatu, jina hata moja hulioni. Watoto walipewa kazi, vifaa wakanyimwa. Na wanajeshi wetu waliouawa El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, mpaka leo serikali haijatutajia ni wangapi. Wanajeshi, hata hivyo, wana tarehe yao, 14 Oktoba. Mashujaa kwa jumla wana 20 Oktoba, na sheria yao ya mwaka 2014. Watu wenu wana sehemu mbalimbali.

Wapo wazee hapa ambao hawatamwaga chozi kwa ajili ya watu wenu, nao tusiwalaumu. Mtangulizi wenu, Special Branch, aliwaandama miaka na miaka, na kuna waliorudi kutoka vyumba vya chini vya Nyayo House wakiwa nusu ya walivyokwenda. Enzi hizo nani alikutana na nani, saa ngapi, wakala nini, yote yaliandikwa, faili juu ya faili. Kwa hiyo hatuamini kwamba ofisi yenu ina uhaba wa kalamu.

Tunaomba sentensi moja, iliyoidhinishwa na ninyi wenyewe, ya kuingizwa kwenye wasifu: "Marehemu aliitumikia Jamhuri, akauawa akiitumikia." Haina mji, haina mkubwa wake wa kazi, haina namba ya gari. Jasusi wa nchi jirani akiisoma atakuwa amejua kwamba Kenya ina majasusi.

Na ukimtuma mtu mazishini, asijifiche safu ya nyuma na miwani ya jua. Tuliwaona wenzake Homa Bay tarehe 1 Juni 2025, sherehe za Madaraka zilipofanyika huku. Tunawatambua kwa jinsi wasivyopiga makofi. Kwetu wageni wa marehemu husimama wakajitambulisha. Aseme tu, "Nimetoka kazini kwa marehemu," aketi. Hatutamuuliza kazi gani.

Wako,
Kwa niaba ya waombolezaji wa Homa Bay na Migori.

Nakala:
Baraza la Kitaifa la Mashujaa, kwa taarifa.
Machifu wote wa Nyatike, ambao tayari wanajua.